Mahali pa Kulaza Trela

Niliondoka Mombasa Jumamosi na mzigo wa mbolea, lakini kilichonikimbiza Kisumu si mbolea. Miezi mitano sikuwa nimekanyaga kwangu. Tajiri mwenye lori alikuwa amekubali: nikishashusha mzigo nikae nyumbani siku tatu, Alhamisi nipakie sukari Muhoroni. Ila alininyooshea kidole. "Trela lisilale peke yake. Ikipotea hata tairi moja, usirudi hapa." Hakuwa anatania. Dereva mwenzangu aliibiwa tairi mbili na betri akiwa amelala kwa mkewe, na mpaka leo yuko kwao anachunga ng'ombe wa babake.

Kisumu, Jumatatu, saa tatu asubuhi. Trela lilikuwa tupu. Utingo wangu alishukia kwao Nakuru, kwa hiyo sikuwa na wa kunilindia. Nilianza na kituo cha mafuta karibu na stesheni ya reli. Meneja hata hakuinua kichwa. "Toa hilo dude hapo, utaniziba." Nikalitoa.

Saa tano nilikuwa kwa Sardar mmoja, Mhindi wa kilemba mwenye kiwanda cha kupasua mbao. Huyu alinipokea vizuri, akaagiza chai yenye tangawizi ya kuwasha koo.

"Weka gari ndani, bwana dereva. Hakuna mtu atagusa. Lakini kesho tunafunga, harusi ya binti yangu Nairobi. Tunafungua Jumatatu."

"Mimi natoka Alhamisi, Mzee."

"Basi utaruka geti na trela?" Akacheka sana. Mimi sikucheka. Chai yake niliinywa nimesimama, macho yakiwa barabarani kwenye lori.

Adhuhuri, mtaa wa Nyalenda. Binamu yangu aliniapia kwamba kuna uwanja wa kanisa wenye mlinzi. Uwanja ulikuwepo kweli, ila njia ya kuufikia ilikuwa ya mkokoteni. Nilirudi kinyumenyume mwendo wa saa nzima, akina mama wakiondoa ndoo zao bombani na kunitukana kwa Kijaluo safi. Hasira zilinipanda. Siku yangu ya kwanza ya likizo ilikuwa inaishia kwenye usukani.

Saa tisa, Awasi. Nikasema liwalo na liwe, nalipeleka nyumbani. Mke wangu Auma huuza nyanya sokoni pale, lakini sikusimama. Nilitaka kwanza trela liingie uani.

Boma letu limezungushiwa ua wa mnyaa alioupanda marehemu baba, na lango ni miti miwili tu. Kichwa cha lori kingepita. Trela, hapana. Nilipima kwa hatua, nikapima tena, kisha nikachukua panga nikaanza kukata mnyaa pembeni mwa lango.

Mtu wa kwetu hafai kabisa kufanya kosa lile. Kwetu aliye hai hupita langoni. Ua hutobolewa kumwingiza aliyefia mbali. Nalijua hilo tangu utoto, lakini siku ile akili yangu ilikuwa kwenye matairi.

Mama alitoka jikoni, akaona lori, akaona pengo. Mimi nilikuwa nimeinama nje, nyuma ya mnyaa, hakuniona.

"Uwi! Otieno! Wamemleta Otieno!"

Jirani akakipokea kilio, na jirani wa jirani. Uwanda wetu ni tambarare, sauti haina wa kuizuia.

"Mama, ni mimi! Niko hapa!"

Alinitazama, panga mkononi, utomvu mweupe hadi viwikoni. "Yawa, Otieno! Unajikatia mwenyewe njia ya maiti?"

Nilitamani ardhi inimeze. Watu walikuwa wameshaanza kuingia, wanaume wamebeba viti vyao vya matangani. Kisha nikamwona Auma akija mbio kutoka sokoni, hana viatu, leso inaburutika. Huko walikuwa wamemwambia lori la mumewe limefika na ua umekatwa.

Aliponiona alisimama. Akanishika kifua, mikono, uso. Halafu akanizaba kofi.

"Miezi mitano, Baba Akinyi. Kila lori likipunguza mwendo pale barabarani, mimi naangalia ua." Akaketi chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti.

Miezi yote hiyo mimi nilikuwa naogopa betri.

Jirani yetu Mzee Ouma ndiye aliyetuokoa. Alikiweka kiti chake kando ya trela, akakalia. "Sisi tulikuja kulala nje tukilinda maiti. Maiti amekataa kufa. Basi tutalinda gari lake." Watu wakacheka, hata Mama.

Trela likabaki nje ya lango siku zote tatu, wazee wakipokezana na moto wao na chai ya Mama. Siku ya kwanza nilitoka kulitazama mara nne. Mara ya tano Mzee Ouma akanifukuza nirudi kwa mke wangu.

Alhamisi asubuhi nilizunguka trela. Hakuna kilichoguswa. Auma alikuwa amepiga magoti kwenye pengo, anachomeka vipande vya mnyaa ardhini. Hakuinuka kuniaga.

"Huu ukishika," alisema, "usiukate tena."

Nikaenda kupakia sukari Muhoroni.

Tangu safari ile, nikifika Awasi sipiti. Nasimamisha trela kando ya soko, nazima injini, nakwenda kwa miguu hadi kwenye nyanya zake, anione nikitembea. Mahali pa kulilaza tunatafuta baadaye.