Arubaini na Tisa

Hadi leo, nikisikia harufu ya ukwaju uliorowekwa, hukaza meno, na si kwa uchachu wake.

Chuoni kwetu mtaani Kuze, tulikosomeshwa Kurani na hesabu, tulihesabia kokwa za ukwaju, nyeusi, laini kama zilizopakwa mafuta. Siku hiyo mwalimu alisema, "Idadi isiyogawika kwa mbili, wala tatu, wala tano, haigawiki kabisa, ila kwa moja na kwa nafsi yake."

Nikapanga kokwa mkekani, safu saba, kila safu kokwa saba.

"Mwalimu, hizi ni arubaini na tisa. Mbili, tatu, tano, zote haziigawi. Lakini saba inaigawa."

Alizihesabu, niliiona midomo yake ikicheza. Kisha akazipiga teke.

"Yatima huyu! Hana baba, hana mama, nani atamtia adabu?"

Darasa zima likacheka, isipokuwa wadogo zangu wawili. Bakora aliyonichapa niliivumilia. Kicheko kile sijakisamehe.

Usiku shangazi, aliyetulea, akanisihi. "Nenda kambusu mkono, umwambie umekosa. Bila radhi ya mwalimu hutasoma tena."

"Kwani nimekosa nini, shangazi?"

"Hukukosa, mwanangu. Wewe sema tu."

Asubuhi niliwafikisha wadogo zangu mlangoni pa chuo. Mwalimu akaninyooshea mkono niubusu, akangoja.

"Arubaini na tisa inagawika," nikamwambia.

Nikawasukuma wadogo zangu ndani, nikaenda sokoni kutafuta mzigo wa kubeba.