Gari Letu Nyuma ya Gari la Jirani

Siku ile tulikuwepo watano uani kwa jirani, mtaani kwetu Seven Hills: mimi, mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, mzee jirani na mke wake. Wa sita alikuwa kwenye simu, mdogo wangu wa kike, mwenye kulihitaji gari letu. Alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee katika mji wa mbali ambako usiku hakuna basi. Alitangulia kwa treni, gari likiwa gereji. Mwenzake aliyekuwa akimpa lifti alikuwa anahama. Bila gari, kazi ingekwisha.

Mimi siendeshi, na mdogo wangu wa kiume alikuwa bado na leseni ya kujifunzia. Ndipo jirani akasema wangepita mji huohuo na gari-nyumba lao, lile lenye kitanda na jiko ndani, na angelivuta letu nyuma, magurudumu yote manne yakiwa chini. Bure.

Hilo neno bure lilinikosesha raha. Tangu wazazi walipofia kwenye kambi ya wakimbizi nikaacha shule ili niwalee wenzangu, kila aliyenipa cha bure alirudi kukidai kwa njia nyingine.

Nikamsimamia mzee akifanya kazi. Alikuwa amefunga vyuma viwili kwenye chesisi, chini ya bampa. Akapachika fremu nzito yenye umbo la herufi A, akapitisha minyororo miwili kwa kupishana, iwapo fremu ingekatika. Akaunga waya wa taa. Mbele ya pedali ya breki akaweka kisanduku cha kuikanyaga kila yeye atakapopunguza mwendo. Mwisho akatia gia frii, akazungusha ufunguo kidogo, akauacha palepale.

"Na ufunguo anauchukua?" nikauliza.

"Dada, ukitolewa usukani unajifunga. Gari halitafuata kona," mdogo wangu wa kiume akatafsiri. "Anaeleza vizuri tu."

"Hata mwizi hueleza vizuri."

Kitinda mimba akasema kwa Kiingereza chake kwamba kesho anahama ukoo.

Kambini tulikuwa na desturi: mzigo hauendi peke yake. Ukipakia gunia kwenye lori, mtu wa nyumbani hukaa juu yake. Basi nikafungua mlango wa nyuma wa gari letu, nikakaa, nikapakata mkoba.

"Mwambie niko tayari."

Mzee akaweka spana chini. Mdogo wangu wa kiume akatafsiri: hairuhusiwi mtu kukaa ndani ya gari linalovutwa, na kwenye gari-nyumba mikanda ni miwili tu, yake na ya mkewe.

"Unaona? Wanataka liende bila shahidi."

"Dada, shuka!" mdogo wangu wa kike akapaza sauti kwenye simu. "Unataka nikatembee usiku na kangaruu?"

"Basi aache kitu. Mwambie."

"Hilo silisemi," mdogo wangu wa kiume akajibu, akageukia uzio.

Nikalisema mwenyewe kwa Kiingereza changu cha kusafishia ofisi: unachukua gari, unaacha nini? Mke wake akacheka mpaka akashika kiuno. Angeniachia mumewe, alisema, ila ndiye dereva. Mzee hakucheka. Akatoa mfukoni ufunguo wa nyumba yao, akauweka mkononi mwangu.

Hapo nikazidi kushuku. Nani humpa jirani asiyemjua nyumba nzima? Kikipotea kijiko, atashikwa nani? Lakini niliomba mwenyewe. Nikaufunga kwenye pindo la kitenge, nikashuka.

Gari letu likaondoka bila mtu, usukani ukijizungusha wenyewe kwenye kona. Nililifuata kwa miguu hadi njia panda.

Jioni mdogo wangu wa kike alituma picha ya gari likiwa mbele ya mahali pake pa kazi. Nikamwambia alipige picha na tairi la akiba. Lilikuwepo. Jeki pia.

Mzee na mkewe waliendelea kaskazini. Mara ya kwanza nilipokwenda kuwafungulia madirisha nyumba ipate hewa, nilimchukua mdogo wangu wa kiume awe shahidi, simu ikirekodi tangu mlangoni. Siku hizi naingia peke yangu, ingawa mikono naiweka mgongoni.

Walitakiwa kurudi baridi ikiisha, hawajarudi. Tuliuliza tuwalipe nini. Mzee akajibu tumwagilie mlimau wake, basi. Sasa umezaa, matawi yameinama. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na mimi nimeshika nyumba yake. Lakini malimau ni yake, maji ni yake, na sijapata bado cha kumpa ambacho si chake tayari.