Kitabu kisicho na jalada kilivyookoa magauni sita ya harusi ya dada yangu kule Kajiado

Wakuu, poleni na shughuli. Nawasalimu kutoka Kitengela, mji wa vumbi na plot mpya kila wiki.

Miaka mitatu nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo nimejikaza nikaandika. Chumvi sitaongeza. Rafiki yangu Wambo ni member hapa na mengi ya haya aliyaona kwa macho yake, kwa hivyo nikidanganya atanianika hapo chini kwa comments.

Kwanza mnijue kidogo.

Naitwa Nekesa, niko na miaka ishirini na nne. Kwetu ni Bungoma lakini nimelelewa hapa Kitengela. Mama yangu ana duka la nafaka mjini, na mimi humsaidia kupima. Wateja wakipungua napanda juu ya magunia ya ndengu nasoma.

Vitu ninavyopenda ni vinne: nguo, series, vitabu na kutoka out. Wikendi ambayo mimi na Wambo tumevaa vizuri tukapanda Ngong Hills kupiga picha, hiyo nahesabu nimeishi.

Series mwenzenu siangalii kama watu wengine. Watu wanalia kwa sababu bibi harusi ameachwa kanisani, mimi napause niangalie mkono wa gauni umeshonwaje.

Vitabu navitoa kwa mama mmoja wa mitumba pale sokoni. Anauza mikoba, na mara nyingine ndani ya mkoba hutoka kitabu ambacho mwenyewe alikisahau huko ng'ambo. Ananiwekea.

Mama yangu haya yote alikuwa anayaona upuzi. Siku moja akaniambia mbele ya wateja, "Nekesa, hizi vitabu zimekupeleka wapi? Hata Athi River hapa karibu hazijakufikisha."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini iliniuma sana.

Alikuwa ameshapanga maisha yangu. Januari niende kwa mjomba Bungoma nikasomee ualimu wa nasari. Ualimu ni kazi nzuri wakuu, sibishi. Ila mimi mtoto wa watu akilia mara mbili nalia naye.

Sasa dada yangu Phanice akapata mchumba, Lemayian, Mmaasai wa huko mbele ya Kajiado mjini. Harusi ikapangwa Desemba, sherehe nyumbani kwao Lemayian.

Nilimwangukia Phanice aniachie magauni sita ya maids, wale wasichana wa kumsindikiza bibi harusi. Nilikuwa nimejifunza kushona miaka miwili kwa fundi jirani, na cherehani ya kutumia miguu ninayo. Phanice akakubali. Mama akaweka masharti.

"Shona. Zikitoka vizuri, nitatoa hayo magunia kwa dirisha la duka uweke cherehani yako hapo. Ukituaibisha mbele ya wakwe, Januari unapanda gari ya Bungoma na nisisikie neno."

Basi nikashona. Shifoni ya rangi ya samawati, sketi pana ya mviringo, ile ambayo mtu akizunguka inafunguka yote. Niliiona kwa series moja nikairudia mara kumi na moja kuchora.

Tunaishi ghorofa ya tatu, na madirisha kwetu hayafunguliwi kwa sababu ya vumbi la malori ya mawe. Nilipima kila gauni mbele ya kioo humo ndani. Yalianguka vizuri mpaka nikajipigia makofi.

Kosa langu lilikuwa hapo, na ni kosa la mtu wa plot, aliyezoea kuta pande zote. Nilishona nguo ya kuvaliwa nje na sikuwahi kuitoa nje.

Wiki moja kabla ya harusi, mimi na Wambo tukaenda kwao Lemayian kuona mahali na kupiga picha mbili tatu. Nikavaa gauni moja la sampuli, najiskia sana.

Wakuu, kule hakuna jengo la kuzuia kitu. Ni boma, ua wa miiba, kisha uwanda mpaka macho yachoke.

Mama Lemayian akatoka kutupokea. "Takwenya!" akanisalimia kwa Kimaa.

"Iko," nikajibu, maana Phanice alikuwa amenifunza. Kisha nikainamisha kichwa anishike utosini, kama vijana wa huko wanavyowasalimu wakubwa.

Upepo ukachukua gauni lote ukanifunika nalo kichwa.

Nimesimama mbele ya mama mkwe wa dada yangu, uso ndani ya shifoni, miguu yote nje. Mungu ni mwema, nilikuwa na biker ndani, ile kaptura ya kubana. Wambo alicheka mpaka akakaa chini kwa nyasi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kitu ambacho yeye hajaona. Siku ya harusi maids sita wangepita mbele ya wazee wote wa ukoo, mmoja mmoja, wakiinama kusalimia. Mara sita, mbele ya Mama yangu!

Nikaingizwa ndani nikapewa chai, machozi yanaingia kikombeni.

"Unalia nini na si wewe unaolewa hapa?" Mama Lemayian akaniuliza.

Nikamweleza yote, Bungoma na magunia na kila kitu. Nilipokuwa naeleza ndipo nikakumbuka kitabu.

Ni riwaya niliyopata kwa mkoba wa kahawia, haina jalada, hata jina lake silijui. Ndani kuna mwanamke wa mji mmoja wa mlimani wenye upepo mkali. Amemkimbia mumewe, na kila anapotoka anashona sarafu ndani ya pindo la gauni ili upepo usimwaibishe. Ni mstari mmoja tu kwa kitabu kizima, lakini mimi mistari ya nguo siiachi.

"Nitashona sarafu kwa pindo," nikasema.

Mama Lemayian akacheka kwa mara ya kwanza. "Pesa chini kwa vumbi, wakwe wakanyage? Apana. Sisi tuko na shanga."

Akavua mkufu wake mpana wa shanga akaniwekea mkononi. Mkono ulishuka.

"Hiyo upepo haijawahi beba," akasema.

Kesho yake nilirudi na magauni yote sita. Mama nilimwambia naenda kumalizia pindo. Ilikuwa kweli, ila nusu.

Siku nne tulikaa chini ya ukuta wa nyumba, mimi na wamama saba wa kikundi cha Mama Lemayian. Shifoni ukiishonea shanga moja kwa moja inachanika, kwa hivyo mimi nilitangulia na utepe wa pamba kwa ndani, wao wakafuata na shanga juu ya utepe. Nyeupe, bluu na chungwa, mistari mitatu kuzunguka pindo lote. Mishono yangu mingine waliifumua mbele yangu bila kuniuliza, na walikuwa sawa.

Wakati tunashona wakataka nisimulie hicho kitabu. Nikasimulia kwa Kiswahili, mmoja akawa anawatafsiria wale wazee zaidi kwa Kimaa. Yule mume walimchukia siku ya kwanza. Siku ya tatu wakagawanyika, nusu wanasema mwanamke arudi, nusu wanasema asithubutu.

Siku ya nne nikafika mwisho, yaani nilipofika mimi. Yule mwanamke amerudi, amesimama nje kwa mumewe, ameinua mkono abishe mlango. Kurasa zinaishia hapo. Zingine zilitoka zamani.

"Umetuletea hadithi haina mkia?" Mama Lemayian aliuliza, na kwa kweli alikuwa amekasirika.

Siku ya harusi ikafika, na upepo haukukosa.

Hema lilikuwa linapiga kelele. Pastor alishikilia kurasa za Biblia kwa mikono miwili. Kilemba cha Mama yangu kilimtoka kikaenda kukaa kwa ua wa mbuzi. Mimi nilikuwa nimejificha mstari wa nyuma, kichwani nasikia mpaka makanga wa basi akiita "Bungoma, Bungoma."

Maids wakatoka. Wakapanga mstari mbele ya wazee. Wa kwanza akainamisha kichwa.

Upepo ukaja na vumbi lake. Gauni likajaa kidogo, likataka kuinuka, kisha likashuka likatulia, shanga zikilia taratibu.

Wa pili akainama. Wa tatu. Mpaka wa sita.

Wamama wa kikundi wakapiga vigelegele, wanajua walichofanya. Phanice alilia make-up ikaharibika, na wasichana wa huko wakaanza kupiga magoti si kwa kuomba, ila kupiga picha mapindo!

Mama alikuwa anaangalia chini kwa hayo mapindo muda mrefu. Kisha akageuka, kichwa wazi bila kilemba, akanitafuta mpaka akaniona.

"Nani alikufunza hii?"

"Kitabu, Mama. Na Mama Lemayian."

Akanishika mkono akanitoa mstari wa nyuma, akanipeleka mbele kukaa naye. Wakuu, mimi nilishinda siku hiyo, niacheni niseme. Nilishinda.

Jumatatu nikafika dukani nikakuta dirisha liko wazi. Magunia yamehamishwa yote na sakafu imepigwa deki. Aliyahamisha mwenyewe na mgongo wake unaomuuma, bila kumwambia mtu.

Sasa cherehani yangu iko hapo. Mabibi harusi watatu wa Kajiado wameshaleta vitambaa, na mapindo yote yanaenda kwa kikundi cha Mama Lemayian. Kila gauni nikimaliza nalivaa kwanza napanda nalo Ngong Hills. Likitulia kwa upepo wa kule, litatulia popote.

Niliyojifunza ni kwamba usimwache mtu akuambie unachokipenda hakina kazi, na pia usikipende ukiwa umejifungia ndani. Nje ndiko nilikojua kama ninachokifanya ni kizuri, na nje ndiko nilikompata wa kunisaidia.

Lakini sababu hasa ya kuandika ni hii.

Wiki hii mteja alikuja dukani akaita mara mbili hajibiwi. Kutazama, Mama yuko juu ya magunia ya ndengu, miwani puani, na kile kitabu changu mkononi. Alikisoma siku tatu. Jana mchana nikasikia sauti yake mpaka barabarani.

"Nekesa! Karatasi zingine ziko wapi?"

Nikamwambia hazipo. Hajanisemesha vizuri tangu hapo, na Mama Lemayian naye amempigia simu, sasa wanabishana wawili.

Kwa hivyo wakuu, aliyewahi kusoma kitabu cha mwanamke mwenye sarafu kwa pindo, tafadhali anijibu hapa chini. Alibisha huo mlango ama aligeuka akaenda zake? Mama yangu anasubiri jibu.