Waya Mbili za Dada Pipa

Nyumbani walimwita Dada Pipa, maana kila alipoulizwa anasomea nini, jibu lilianza na pipa. Alikuwa akisoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa kemikali, na pipa lenyewe ni kinu cha lita hamsini, cha plastiki angavu. Maji huingia kwa chini, hukorogwa na mapanga yanayozungushwa na mota, kisha hutokea juu. Kazi yake ilikuwa kupima muda wa kukaa, yaani kila tone linakaa humo dakika ngapi kabla ya kutoka.

"Na wewe, muda wako wa kukaa huko chuoni ni miaka mingapi?" mama yake alimuuliza kwenye simu.

"Miwili tu, mama. Mahafali ni mwezi wa kumi na moja."

"Haya. Shangazi zako nimeshawaambia, wasije wakaniona mwongo."

Kupima kwenyewe ni rahisi kueleza, ugumu ni kuvumilia. Unamwaga rangi nyekundu kwenye maji yanayoingia, unashika saa, unakinga kichupa kila nusu dakika. Kwa hesabu, tone la kawaida lilipaswa kukaa dakika kumi. Lakini rangi nyingi ilitoka dakika ya kwanza tu, kama mgeni aliyeingia mlango wa mbele akapitiliza hadi wa nyuma bila kusema hodi. Alirudia mara kumi na nane. Yale yale. Akaandika kwenye tasnifu kwamba kinu kimebuniwa vibaya.

Siku nne kabla ya kuiwasilisha, fundi wa karakana alipita na ngazi begani, akasimama.

"Mhandisi, mbona mapanga yako yanavuta maji juu?"

"Yanasukuma chini, fundi."

"Wapi! Tazama." Akatupia kipande cha uzi. Uzi ukapanda wima hadi kwenye tundu la juu, ukatoka zake. "Nani aliunga mota mlipohamia chumba hiki?"

"Mimi."

"Waya tatu hizi. Ukibadilisha mbili, mota inazunguka kinyume. Si nilisema uniite?"

"Niliona waya ni waya."

"Na kushoto ni kulia!" Fundi akacheka, kisha akapunguza sauti. "Sasa funika kombe. Hao wakubwa watajuaje?"

Dada Pipa akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Namba zake zilikuwa za kweli, ila alikuwa amekisingizia kinu. Mtu angesoma, akaamini, akautupa muundo mzuri. Akapanda ngazi hadi ofisini kwa msimamizi wake, akamweleza kosa.

"Majaribio mangapi?" profesa aliuliza.

"Kumi na nane."

"Yote?"

"Yote, profesa."

"Ukirudia, mahafali ya mwaka huu huyapati. Unajua?"

"Najua."

"Basi karudie."

Simu kwa mama ndiyo iliyomtoa jasho.

"Umefeli?"

"Sijafeli, mama. Nilikosea kuunga waya."

"Waya ndiyo mwaka mzima?"

"Waya mbili."

"Mungu wangu! Haya, shangazi yako mkubwa niachie mimi. Wewe simu yake usipokee."

Kesho yake fundi alizibadilisha kwa dakika tatu. Dada Pipa akajaza kinu, akafungua ukurasa mpya, akaandika "Jaribio la 1", akamwaga rangi.