Jina Lililoshonwa kwenye Sweta

Nilipokuwa mtoto kule Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, sikuwahi kuitika nikiitwa mara moja. Wageni walidhani mimi ni kiziwi, na walimu wawili watatu walinichapa kwa kiburi ambacho sikuwa nacho. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu. Nyanya yangu, aliyenilea, alitufundisha kwamba kule juu mlimani, ukungu ukishuka, kuna kitu kinachoita watu kwa majina yao. Kinaiga sauti ya mtu unayemjua, lakini hakina pumzi ya kuita zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo usiitike ya kwanza, usiitike ya pili. Ukisikia ya tatu, huyo ni mtu. Mwitikie, mwende nyumbani.

"Na ukiitika ya kwanza?" nilimuuliza siku moja tukipura maharagwe.

"Mama yake Mwakio aliitika," alisema, akaendelea kupura.

Hakuna aliyewahi kuniambia mama yake Mwakio alienda wapi. Mwakio mwenyewe alikuwa mzee mkali wa meno mawili, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumuuliza. Nilijua tu kwamba alipanda mlimani kuchanja kuni, akaitwa mara mbili, akaitika, na ndiyo ikawa basi.

Mume wangu husema mimi nilizaliwa na shaka, eti hata chai nainusa kabla ya kunywa. Sibishani naye. Lakini shaka yangu ina siku yake na mahali pake, na leo nataka kuisimulia, kwa sababu kila wikendi naona vijana wakipanda milima yetu na mahema mgongoni kama watu wanaokwenda harusini.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, likizo ya Agosti. Mwalimu Mwadime, aliyetufundisha dini kanisani Jumapili, aliamua kutupeleka watoto kumi na wanne tukapige kambi ya siku mbili katikati ya mlima. Alikuwa mtu mzuri, mcheshi, mwenye imani kubwa na watu wote. Alitufundisha kutoacha chakula ndani ya hema kwa sababu ya nyani, na kutembea kwa mstari bila kupitana. Nyanya alipomwambia kuhusu ukungu na kuitwa, alicheka hadi akafuta machozi.

"Mama, hayo tuliyaacha zamani," alimwambia.

"Nyinyi ndio mliyaacha," Nyanya alijibu. "Mlima haujasema umeacha."

Shangazi yangu alitaka binti yake Wakesho naye aende. Wakesho alikuwa na miaka saba, mwoga, mwenye maneno mengi. Shangazi alinishika bega asubuhi ile akaniambia, "Mghoi, nakukabidhi mtoto. Usimwachilie mkono. Hata akitaka kukojoa, mwende wawili." Niliyabeba maneno hayo kama maji ya kujaa kichwani. Kama Wakesho angepotea, mimi ningerudi nyumbani na uso upi?

Nilivaa sweta ya dada yangu Agnes, aliyekuwa amemaliza shule ya bweni na kwenda Mombasa kutafuta kazi. Bwenini sweta huibwa, kwa hiyo Mama alikuwa ameishonea jina kifuani kwa uzi mwekundu, AGNES, herufi kubwa za kutosha mtu kuzisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Niliichukia, lakini ndiyo ilikuwa sweta ya pekee yenye joto. Wenzangu hawakuhangaika nayo. Walinijua tangu kuzaliwa, na kwao nilikuwa Mghoi tu.

Asubuhi ya pili, tukinywa uji, alitokea mtu. Alitoka upande wa msitu, si upande wa kijiji. Mwanamume wa makamo, shati safi, gambuti nyeusi za mpira miguuni.

"Habari za asubuhi, mwalimu," alisema. "Natafuta mbuzi wangu. Wamepanda huku jana."

"Pole ndugu yangu. Hatujaona mbuzi. Kaa kwanza upate uji."

Akakaa. Mimi nikamtazama kutoka miguuni kwenda juu. Gambuti, na hakukuwa na mvua tangu Mei. Hana fimbo. Hana panga, na mtu wa kwetu haingii msitu ule bila panga hata kama anakwenda kusali. Tena mbuzi gani? Mbuzi wa Kasigau nzima wakati ule walikuwa chini nyikani, wakila vichaka. Nilimvuta Mwalimu pembeni nikamnong'oneza yote hayo.

"Ala! Mghoi," alisema, "wewe hata malaika akikuletea uji utamuuliza kitambulisho."

Nikaona aibu, nikaenda na Wakesho kuosha vikombe. Yule mtu akatufuata pale.

"Mko wangapi?" aliuliza.

"Wengi."

"Na leo mnalala hapa tena?"

"Sijui."

Sasa, kwetu mtu mzima akikutana na mtoto humuuliza kwanza, "Wewe ni wa nani?" Anataka kumjua baba yako, babu yako, mnatoka nyumba gani. Jina lako mwenyewe linakuja baadaye, pengine lisije kabisa. Yule mtu hakuuliza mimi ni wa nani. Aliinama, akatazama kifua changu, akasoma taratibu.

"Ag-nes. Jina zuri hilo. Na huyu mdogo?"

"Huyu hana jina," nilisema.

Akacheka, akarudisha kikombe kwa Mwalimu, akashukuru vizuri sana, kisha akaondoka. Wakesho aliniuliza kwa nini sikumwambia mimi si Agnes. Nilimwambia anyamaze asuuze vikombe. Nilikuwa nimeona njia aliyoishika: alipanda juu, njia ileile tuliyokuwa tuifuate sisi.

Tulianza safari ya kileleni jua likiwa limeshachomoza vizuri. Mimi na Wakesho tulikuwa wa mwisho kwenye mstari. Kabla hatujafika mbali, Wakesho akanivuta. Ameshikwa na haja. Nikamwambia mvulana wa mbele yangu, "Mwambie Mwalimu asimame." Akamwambia aliye mbele yake, naye akamwambia mwingine, na mahali fulani kwenye mstari ule ujumbe wangu ukafia njiani. Hakuna aliyesimama.

Tuliingia nyuma ya kichaka, hatua kumi hivi. Tulipotoka, ukungu ulikuwa umeshashuka. Asiyeujua ukungu wa Kasigau hawezi kuelewa, maana chini nyikani watu wanaungua na jua huku wewe juu huoni mkono wako. Tulisikia wenzetu wakiimba wimbo wa kanisani, halafu tukausikia kwa mbali, halafu hatukuusikia tena. Nikamshika Wakesho tukakimbilia tulikodhani ni njiani. Akateleza kwenye jiwe lenye kuvu, mguu ukapinda. Alilia, na mimi nikamwingiza chini ya mwamba, nikamkumbatia, nikamwambia Mwalimu atarudi sasa hivi.

Ndipo tukaitwa.

"Agnes."

Wakesho alinitazama kwa macho makubwa, akanyoosha kidole kimoja. Naye alikuwa mjukuu wa Nyanya.

"Agnes."

Vidole viwili. Niliamini, haki ya Mungu niliamini kabisa, kwamba kile kitu cha mlimani kimetufikia. Nikaomba kiishie hapo.

"Agnes!"

Wakesho akaachia tabasamu, machozi bado mashavuni. "Tatu!" alininong'oneza. "Ni mtu, Mghoi! Itika!"

Na mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuitika. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Ni mtu, tumepona. Ndipo nikasikia kile alichokuwa akikisema. Mimi si Agnes. Agnes yuko Mombasa. Mlima mzima ule kulikuwa na mtu mmoja tu aliyedhani mimi ni Agnes.

Nikamziba Wakesho mdomo.

"Agnes, njooni huku. Njia iko huku. Mwalimu wenu amenituma."

Kama Mwalimu angemtuma, angempa jina langu. Na kuna jambo jingine ambalo hadi leo linanirudia. Mtu anayetafuta mtoto aliyepotea hupaza sauti hadi imkauke. Yule hakupaza. Alikuwa akiita polepole, kwa utamu, kama mtu anayeita kuku wa jirani.

Nilimziba Wakesho kwa nguvu hadi akaning'ata kiganja, na mimi sikutoa mkono. Tukaona gambuti. Hatukumwona mtu, ukungu ulikuwa umemfunika, tuliona gambuti mbili nyeusi zikisimama karibu na mwamba wetu. Zilisimama. Zikageuka huku, zikageuka kule. Akaita tena mara mbili au tatu, halafu akaondoka kuelekea juu.

Nilihesabu mia moja, nikairudia mara tatu. Nikavua sweta, nikaigeuza nje ndani, nikaivaa. Nikambeba Wakesho mgongoni. Njia sikuijua, lakini nililijua bomba. Maji ya Rukanga yanatoka msituni kule juu kwa bomba jeusi, na wazazi wetu ndio waliochimba mtaro wake. Kila mtoto anajua bomba lile linaishia kwenye tangi la kijiji. Nililipata kwa miguu, nikalifuata nikilipapasa kwa unyayo, nikiteleza, nikianguka, nikiinuka.

Tulifika tangini saa sita mchana. Nyanya alikuwa pale na mitungi yake, na habari zilikuwa zimeshamfikia. Mwalimu Mwadime alikuwa ameshashuka na wale wengine, sauti imemkauka kwa kutuita upande mwingine wa mlima. Aliponiona alikaa chini kwenye matope. Hakuwa amemtuma mtu yeyote. Wanaume walipanda na mapanga, hawakumkuta. Waliuliza vijiji vya jirani, Jora, wakauliza Bungule, wakauliza Makwasinyi. Hakuna aliyepoteza mbuzi.

Nyanya alinichukua nyumbani, akanipa kimanga cha moto, muhogo uliopondwa na maharagwe, akanisubiri nimalize.

"Kiliita mara ngapi?" aliuliza.

"Nyingi, Nyanya. Tano. Sita."

Nilidhani atafurahi, maana kwa sheria yake, ya tatu ndiyo ya wema. Hakufurahi. Aliweka sahani chini.

"Basi alikuwa mtu," alisema.

Sijawahi kumsikia akiogopa hivyo. Akaomba sweta. Akachukua wembe, akaanza kufumua ule uzi mwekundu, herufi moja baada ya nyingine, akianzia mwisho. Alipofika kwenye herufi ya kwanza, akasimama.

"Mama yake Mwakio," alisema bila kuinua kichwa. "Tangu utoto wangu naambiwa aliitwa mara mbili. Lakini alikuwa peke yake kule juu. Nani alihesabu?"

Hakumaliza kufumua. Nilimalizia mimi.

Leo naishi Voi, na kazi yangu ni kuwapandisha wageni Kasigau na milima mingine ya kwetu. Kabla hatujaanza nawaambia watoe beji za majina, wageuze kofia na mifuko yenye majina, na wasitangaze kwenye simu tulipolala hadi tuwe tumeshatoka. Tunachagua neno letu la siku, na asiyelijua haitikiwi, hata akisema nimemtuma mimi. Wengine hunicheka. Vijana wa mjini husema, "Madam, wewe ni noma, unashuku hadi miti." Nawaambia miti haijanifanya kitu.

Mume wangu amewahi kuniuliza, kwa upole, kama huenda yule mtu alikuwa mwema tu, aliyeona watoto wamepotea akataka kuwasaidia. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Labda. Labda alikosea tu kusema ametumwa, labda sauti yake ndivyo ilivyo. Sitajua kamwe, na kutojua huko ni mzigo pia, kwa sababu mara nyingine humwona akitafuta watoto wawili kwa moyo safi na mimi nimemziba mmoja mdomo. Lakini Wakesho leo ni mama wa watatu, na kila Krismasi hukishika kiganja changu, akatafuta lile kovu dogo la meno yake, akalibusu. Sihitaji hesabu nyingine.

Nyanya alikufa bila kutusimulia tena habari za kile kitu cha mlimani. Wajukuu wadogo waliotufuata hawakuzijua kabisa. Aliwafundisha tu kuuliza: wewe ni wa nani?

Dada Agnes amerudi, anauza nguo sokoni Voi. Nikiwa naye pale, mtu akipaza sauti, "Agnes!", yeye hugeuka anacheka, anajua ni mteja. Mimi husimama palepale na mfuko wangu wa mboga, nikahesabu. Ya kwanza naiacha ipite, ya pili pia. Ya tatu ndiyo ninayoiogopa.