Wilaya Isiyo na Wanawake

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilikuwa karani katika duka la viungo Al Ras, Dubai, na kuna wiki moja ambayo kazi yangu ilikuwa kuwapaka rangi Wameksiko.

Sitanii. Tajiri yangu, ambaye dukani sote tulimwita arbab, alikuwa mzee wa ukoo wa Waarabu waliohama kutoka Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha. Aliniajiri mimi, mtu wa Tanga, ili niongee kwa simu na wauza karafuu wa Pemba. Lakini alipogundua kwamba niliwahi kufundisha jiografia sekondari kwa miaka miwili, alilishika hilo kama cheo chake mwenyewe. Wateja wakija aliwaambia, "Huyu msimwone hivi, huyu mwalimu." Kisha ananituma chai.

Mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuwa akiishi Marekani katika jimbo moja kubwa, anahangaika na biashara hii na ile. Akamweleza mjomba wake kwamba kule kuna Wameksiko wengi, na kwamba watu hao hutumia mdalasini mwembamba wa Ceylon, si yale magome magumu, tena wanakunywa juisi ya ukwaju. Kwa hilo la ukwaju nilipigwa na butwaa. Maisha yangu yote nilijua ukwaju ni wetu, wa futari zetu na wa wauza juisi wetu wa stendi. Kumbe kuna taifa zima huko upande wa pili wa dunia linakunywa ukwaju kila siku na wala hawajatuambia. Niliona kama nimeibiwa.

"Sasa mwalimu," arbab akasema, "mali tunayo, tumeikalia. Hebu n'oneshe hao watu wanakaa wapi."

Mpwa alituma orodha kwa barua pepe. Jimbo lile limegawanywa katika kaunti, yaani kama wilaya zetu, na mbele ya kila kaunti iliandikwa ina Wameksiko wangapi, wanaume kiasi gani, wanawake kiasi gani. Akatuma na ramani tupu yenye mipaka tu. Niliichapa ile ramani, nikaibandika kwenye ubavu wa boksi la iliki, nikanunua penseli za rangi za watoto wa shule. Njano kwa kaunti zenye wachache, chungwa kwa zenye wastani, nyekundu kwa zile walikojaa. Nikajichimbia nyuma ya magunia ya bizari, wachukuzi wakipita na mikokoteni yao wananichungulia, mtu mzima na ndevu zangu, nachora.

Nilikuwa na furaha ya kijinga. Tangu nitue Dubai sikuwahi kufanya kitu hata kimoja nilichosomea. Nilidhani Wameksiko wote nitawakuta mji mkubwa, wamebanana mahali pamoja kama sisi tulivyobanana huku kwetu Deira. Wapi! Walikuwa wametapakaa kama mtama uliomwagika sakafuni. Kaunti ambazo sikuziona na mji hata mmoja nazo zilikuwa na watu wao, zikidai rangi yao. Kila nilipogeuza ukurasa nilisema peke yangu, "Hata huku?"

Sasa niseme na jambo la pili, maana siwezi kusimulia hili bila lile. Katika wiki zilezile nilikuwa namtafuta mdogo wangu. Alikuja Dubai miaka miwili baada yangu, kwenye ujenzi, na sasa simu yake ilikuwa imezimwa kwa zaidi ya miezi miwili. Mama alikuwa anapiga kila Alhamisi kutoka kwa jirani mwenye simu. "Mwenzio umemwona?" Namjibu, "Yuko salama mama, amehamishiwa kazi ya mbali." Wiki ya kwanza niliona ni uongo mdogo wa kumtuliza. Ilipofika wiki ya tisa nilikuwa namwogopa mama yangu mzazi.

Ijumaa, baada ya sala, nilipanda basi nikaenda kwenye kambi za wafanyakazi. Al Quoz nilikwenda mara mbili. Sonapur nilizunguka jengo baada ya jengo nikiwauliza Watanzania na Wakenya, nikionyesha picha. Nilifika hadi Dubai Investments Park, kwenye nyumba za wafanyakazi wa viwandani, mlinzi mmoja Mkisii akanihurumia akaniruhusu kuuliza chumba kwa chumba. Watu walinipa chai, wakanipa pole. Mdogo wangu hakuna.

Nirudi kwenye ramani. Siku ya tatu nilifika kaunti moja ya pembeni kabisa, mbali na kila kitu, haina mji wa maana. Nikasoma namba yake mara mbili. Wakazi wake wachache, na sehemu kubwa ni Wameksiko. Nikatazama safu ya pili: karibu wote ni wanaume. Wanawake hakuna, unaweza kusema.

Mtu mwingine yeyote angejiuliza maswali. Lakini mimi nilikuwa karani wa viungo wa Al Ras, na sisi tulikuwa na kanuni yetu moja ambayo haikuwahi kutuangusha: mahali penye wanaume wengi bila wanawake ni kambi, na kambi ina jiko kubwa, na jiko kubwa hununua viungo kwa gunia. Nusu ya manjano na pilipili yetu ilikuwa inakwenda kwenye majiko ya namna hiyo. Hata mtaa tulikuwa tunaupima hivyo: tukiona nguo za kiume tu zimeanikwa, arbab anatuma sampuli kesho yake.

Basi nikaipaka nyekundu ile kaunti mpaka penseli ikavunjika ncha. Nikambebea arbab boksi langu.

"Hapa," nikamwambia. "Hawa ni vibarua wa mashamba, bila shaka. Wanaume watupu, kambi kubwa, hawana mke wa kuwapikia. Na hakuna mfanyabiashara aliyefika, ni mbali mno."

Arbab akavaa miwani. Akaitazama ramani, akanitazama mimi, akalipiga boksi kofi. "Wallahi, mwalimu! Hii ndiyo elimu!" Siku hiyo hakunituma chai. Alimwagiza kijana wa mgahawa wa jirani atuletee wote wawili, nikakaa nikanywa kama tajiri.

Arbab alimtumia mpwa magunia kwa ndege; yalipofika, mpwa alijaza gari mdalasini na ukwaju akaendesha kutwa nzima. Asubuhi iliyofuata akapiga simu, arbab akaiweka ya kusikika na wote. Mpwa alikuwa hawezi kuongea kwa kicheko.

"Mjomba, nani amekwambia nije huku?"

"Mwalimu."

"Mwambie mwalimu hapa pana kituo cha mafuta, duka moja, na gereza. Hao Wameksiko wake wote wako ndani. Nimesimama getini na magunia ya ukwaju, askari wananiuliza nimemletea nani."

Arbab alicheka mpaka akalalia mizani. Mchukuzi mmoja akacheka bila kujua kinachochekwa. Mimi nilisogea kwenye simu.

"Sasa wameandikwaje kuwa ni wakazi?" nikauliza. "Mfungwa si mkazi!"

"Ndivyo wanavyohesabu hapa," mpwa akasema. "Mtu anaandikwa anapolala. Amelala gerezani, basi ni mkazi wa hapo."

Arbab aliendelea kufuta machozi. Alikuwa anasema tutaisimulia mpaka Muscat, na kwamba ukwaju haujapata kutembezwa hivyo tangu dunia iumbwe. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Mahali penye wanaume wengi bila wanawake. Kambi, kambi, kambi. Ijumaa zote zile nilikuwa nimemtafuta mdogo wangu kwenye kambi, na kuna mahali pengine pa namna hiyo katika mji huu ambapo sikukanyaga wala sikupawaza.

"Una nini?" arbab akauliza. "Yakhe, nakutania tu. Hasara ni yangu, si yako."

Nikamwambia habari ya mdogo wangu. Na kwa kuwa nimeamua kusema kweli humu, niseme na nilichomwambia mwisho, kwa sauti ndogo. Miezi mitatu nyuma mdogo wangu alikuja pale Al Ras na mfuko wa plastiki. Alikuwa amemkimbia kafeel wake, yule aliyemleta na aliyeshika pasi yake, baada ya kugombana na msimamizi. Akaniomba alale chumbani kwangu mpaka apate kazi nyingine. Chumbani tulikuwa sita. Akikutwa na askari, wote tungekuwa mashakani, na mimi nilikuwa na visa yangu ya kuilinda. Nilimnunulia biriani. Nikamwambia, kwa ile sauti ya ualimu niliyokuja nayo Dubai, arudi kwa kafeel akaombe radhi. Alikula yote, akanawa, akasema, "Haya kaka." Hakuuliza mara ya pili. Niliona nimefanya jambo la busara.

Arbab hakucheka tena. Alivaa kanzu yake ya kutokea, akapiga simu mbili tatu kwa Kiarabu cha haraka, akiandika jina la mdogo wangu kwenye karatasi ya kufungia iliki. Kabla ya adhuhuri jibu lilikuwa limekuja.

"Yupo," akasema. "Kwa watu wa uhamiaji, anangoja kurudishwa. Zaidi ya miezi miwili sasa."

Nilikaa juu ya gunia. Miezi miwili! Wakati mimi nagonga milango Sonapur na picha mkononi, nahurumiwa na kupewa chai, yeye alikuwa amelala mahali panapojulikana, jina lake limeandikwa vizuri kwenye daftari, na ingetosha mtu mmoja aulize.

Tulikwenda kesho yake. Arbab alibaki garini na kiyoyozi chake, akaniambia nikikwama nimwite. Ndani palikuwa safi, pametulia, kuna viti vya plastiki na kaunta yenye kioo. Afisa alikuwa kijana wa miaka yangu, mpole, ananiita akhi, ndugu yangu. Akaleta faili. Kisha mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, mdogo wangu akaingia.

Sikumjua. Nasema kweli, macho yangu yalimpita yakatafuta mtu mwingine nyuma yake. Amekonda, amenyolewa kipara, na shati alilovaa lilikuwa la mtu mnene. Alisogea kwenye matundu ya kioo.

"Kaka. Shikamoo."

Niliweka kiganja juu ya kioo.

"Mama anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Afadhali." Akanitazama. "Nilikupigia simu ile siku ya kwanza, walitupa nafasi. Hukupokea."

Nilikumbuka. Namba ngeni, mchana, dukani pamejaa. Niliikata.

"Nimekutafuta," nikamwambia. "Kila Ijumaa nimekutafuta. Al Quoz, Sonapur, mpaka kule kwenye viwanda."

"Kambini?" Karibu acheke. "Ningekuwa kambini si ningekuja mwenyewe?"

Afisa alikuwa anapitia fomu na kalamu, mstari kwa mstari. Jina, sawa. Uraia, sawa. Akasimama kwenye mstari mmoja, akainua macho.

"Hapa alipokamatwa alisema makazi yake ni Al Ras, kwa kaka yake," akasema kwa Kiarabu. "Ni wewe. Anakaa kwako?"

Nikageuka. Mdogo wangu hakuwa na Kiarabu cha kutosha, lakini jina la mtaa alilisikia, na akajua tumefika wapi kwenye ile fomu. Alikuwa ananitazama bila kupepesa. Nikapiga hesabu yote niliyoipiga ile siku ya biriani: kumficha mtu aliyetoroka, visa, arbab, chumba cha watu sita. Niliona aibu jinsi hesabu ilivyokuja haraka.

"La," nikasema. "Hakai kwangu."

Ilikuwa kweli tupu. Afisa hakunishangaa, wala hakunilaumu. Alichukua rula, akaukata ule mstari kwa wino, taratibu, asiharibu mistari mingine. Kisha akaweka kalamu tayari.

"Basi niandike anakaa wapi?"

Mimi mwalimu wa jiografia nilisimama pale nikakosa la kusema. Yule kijana akangoja, hakuwa na haraka. Nyuma ya kioo mdogo wangu akagonga kwa kidole kimoja, akainama karibu na matundu ili nisikie vizuri.

"Mwambie Tanga," akasema. "Kwa mama."

Afisa hakulijua hilo jina. Nikamtajia herufi moja moja, naye akaandika.