Ndoo Mbili za Maji

Mjomba wangu alilala katika kibanda cha fahali kwa miaka kumi na moja, hatua thelathini kutoka mlango wa mke wake. Fahali mwenyewe hakuwepo tena. Mimi peke yangu nilijua jambo ambalo, kama ningelisema mapema, lingemrudisha ndani. Nalieleza hapa kwa mpangilio, maana sijui namna nyingine ya kulieleza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, mama yangu alikuwa amefariki, na niliishi Shinyalu kwa huyu mjomba, kaka yake mama. Nilimwita khotsa, naye aliniita mwiwa, yaani mtoto wa dada, kama wanavyoitana watu wa kwetu. Ilikuwa miaka ya sukari. Watu waling'oa mahindi na kupanda miwa hadi karibu na kuta za nyumba. Trekta zilishuka kuelekea kiwanda cha sukari cha Mumias na matrela yaliyojaa, zikirudi na mapipa ya molasi ya kulishia ng'ombe. Kila kijana alitaka kitu kimoja, kazi ya kudumu kiwandani. Mimi pia nilikitaka.

Mjomba alikuwa na fahali mweusi mwenye kipaji cheupe, fahali wa kupigana. Alikuwa amepigana mara tisa bila kushindwa. Kazi yangu ilikuwa kumlisha na kumlinda, na kulikuwa na masharti mawili. La kwanza, fahali hapewi maji kuanzia adhuhuri ya siku moja kabla ya pigano, kwa sababu mwenye maji tumboni huishiwa pumzi upesi. La pili lilimhusu mwenye fahali: kwa siku saba kabla ya pigano anapaswa kulala kibandani na mnyama wake, asikanyage chumba cha mke wake. Sharti la kwanza nililikuta miaka mingi baadaye limeelezwa katika kitabu cha mifugo. La pili sikulikuta katika kitabu chochote. Kwa mjomba yote mawili yalikuwa na uzito mmoja.

Zamani watu waliwekeana dau la jogoo au mtungi wa busaa, pombe ya nafaka. Malipo ya miwa yalipoanza kuja, mambo yalibadilika. Mwenye trekta mmoja, mtu aliyesomba miwa kwa mkataba, aliweka meza kwenye veranda ya duka pale Khayega. Karani wake alipokea pesa na kutoa vikaratasi vyenye muhuri. Ilikuwa kamari, na ilikuwa haramu, na kila mtu alijua. Wakata miwa walipanga foleni pale siku ya malipo kabla hawajapita dukani kununua sabuni.

Wiki moja kabla ya pigano la kumi, ambalo lingekuwa kati ya fahali wetu na fahali wa huyo mwenye trekta, aliniita pale mezani.

"Kijana wa ng'ombe, keti. Umekula?"

"Nimekula, mzee."

"Mimi sijakula. Shinyalu nzima imeweka pesa kwa fahali wenu. Hata padre angeweka, kama angeruhusiwa." Karani wake akacheka. "Akishinda, mimi nauza trekta. Unataka niuze trekta?"

Niliutazama muhuri wa karani.

"Wewe unaandikanga vizuri, nimesikia. Pale kwa mizani ya miwa wanatafuta karani. Anayeandika watu hapo ni shemeji yangu. Nimwambie nini?"

"Unataka nifanye nini?"

"Mimi? Sitaki kitu. Ng'ombe akiwa na kiu anapewanga maji. Hiyo ni dhambi?"

Sikusema ndiyo. Nilichukua andazi alilonisogezea, nikaenda zangu.

Ijumaa alasiri nilichanganya viganja vitatu vya chumvi na molasi, nikampa fahali. Alilamba karai hadi likang'aa. Jumamosi alfajiri mjomba alikwenda kuwaita wapiga isukuti, kwa kuwa fahali haendi uwanjani bila ngoma. Nikateka ndoo ya kwanza. Alikunywa bila kuinua kichwa. Nikateka ya pili, akaimaliza pia. Nikasuuza ndoo na kuipindua juu ya jiwe. Nilitarajia moyo unidunde. Ulipiga kama siku nyingine zote.

Uwanjani umande ulikuwa bado kwenye nyasi. Watu walipuliza filimbi na kupunga matawi. Mkata miwa mmoja alimwelekezea panga fahali wa mwenye trekta.

"Huyo amezoea kuvuta! Mfungeni trela kwanza!"

"Mpe na dereva!" mwingine akajibu.

Walicheka mpaka pembe zilipogongana. Kwa dakika chache fahali wetu alisukuma kama kawaida yake. Kisha ulimi ukatoka. Nilisikia tumbo lake likicheza maji, na nikatazama kushoto na kulia kuona ni nani mwingine aliyesikia. Hapakuwa na mtu. Aligeuka, akakimbia, akapita katikati ya watu hadi kwenye miwa ya jirani.

Waliopoteza pesa walimzunguka mjomba.

"Mzee, tuambie ukweli. Wiki hii umelalanga wapi?"

"Uliza kitanda cha mama!"

Kicheko chao hakikuwa cha furaha. Nilingoja mjomba awatukane, kwani alikuwa mwepesi wa kutukana. Aliangalia chini, akaikunja kamba ya fahali mkononi, akaondoka.

Jioni aliniita kibandani.

"Mwiwa, wewe ulimlisha vizuri. Mimi ndiye nimemuua. Jumatano mvua ilinyesha, paa likavuja, nikaingia ndani. Nililala kwa kitanda. Sikumgusa mama, lakini nililala."

Huo ndio wakati niliopaswa kusema. Nilisema, "Pole, khotsa."

Fahali aliyekimbia mbele ya watu hapiganishwi tena. Alikwenda kwa mchinjaji Jumatatu. Mjomba aliomba arudishiwe kidari, na sehemu ya kwanza akanikatia mimi, kwa kuwa mwiwa ana haki yake. Nilikula na obusuma, ugali wa kwetu. Nyama ilikuwa ngumu kidogo. Namaanisha hivyo tu.

Usiku huo huo alihamisha blanketi zake kibandani. Tulidhani ni kwa wiki moja.

Barua ya kazi ilifika baada ya wiki tatu. Nilikaa kwenye mizani ile miaka mingi, na sikuwahi kuandika uzito usio sahihi. Jioni nilisoma. Katika maktaba ya mji wa Kakamega niliomba kitabu cha sheria ili nijue kosa langu linaitwaje. Nilikuta kifungu kuhusu udanganyifu katika michezo ya kubahatisha. Nilikinakili kwenye daftari. Hakikumtaja mtu wa aina ya mjomba wangu.

Kila nilipowatembelea, mkewe alinisindikiza hadi barabarani.

"Mwanangu, alikuwa na homa siku hiyo ya mvua. Alitetemeka mpaka asubuhi. Ningemwacha kwa maji?"

"Hapana, mama."

"Anakusikilizanga wewe. Mwambie arudi ndani. Watu wananiangalia kama mimi ndiye nilimfukuza."

"Nitamwambia."

Nilisema hivyo kwa miaka tisa. Mwaka wa tisa nilimkuta mjomba akikohoa, paa likiwa limeoza upande mmoja, na nikamwambia. Nilimwambia yote kwa utaratibu: meza ya Khayega, andazi, viganja vitatu, molasi, karai, ndoo mbili. Nilimwambia kwamba ndoo ilikuwa ya bati na mpini wake ulikuwa wa waya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Mwiwa, asante. Mama yako angekuwa hai angefurahi. Lakini kosa la mtu habebeshwi mwiwa."

"Khotsa, ni kweli. Mimi ndiye nilimpa maji."

"Umesoma sana," akasema, akitabasamu. "Umeipanga vizuri, hata mpini hukusahau. Mtu mwingine angeamini."

Nilirudia. Alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayekataa zawadi iliyo kubwa mno. Alilala humo miaka miwili zaidi, na ndimo alimofia.

Siku ile niliyomwambia, nilipogeuka, mkewe alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda na vikombe viwili vya chai. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Yeye aliniamini. Aliweka kikombe cha mumewe chini mbele yake, taratibu, kisha akarudi ndani ya nyumba na changu.